Kitanda cha Brock Trezise

Glenys Trezise ni jirani yangu hapa mjini Moonta tangu tukiwa wasichana, na nampenda, lakini nasema wazi kwamba siku hizi namwogopa.

Wanaume wa kwao ni wachimba shaba toka enzi za mababu. Kila Jumamosi Glenys huoka pasti, mikate iliyokunjwa yenye nyama na viazi ndani, na kwenye pembe ya kila mmoja huchora kwa kisu herufi ya kwanza ya jina la mlaji. Pembe hiyo hailiwi. Huachiwa wagongaji, wale wasioonekana wanaogonga kuta za mgodi. Mwanawe wa pekee, Brock, alipokwenda kufanya kazi kwenye mgodi wa Mongolia, Glenys aliendelea kumwokea yake yenye B na kuiweka mahali pake mezani. Mama ni mama.

Mwaka wa pili Brock alikuja likizo, akafikia hotelini. Nilikuwepo alipoingia jikoni kwa mama yake.

"Mama, kile chumba changu kiondoe. Kitanda, nguo, viatu, kila kitu."

"Nimekukosea nini, mwanangu?"

"Hujanikosea. Ni kodi. Watu wa kodi wa huku wanachouliza ni kwangu hasa ni wapi. Wakiona bado ni hapa, mshahara wa Mongolia wanauhesabu wao. Kodi ya kule ndogo, huku watataka nijazie. Mshauri wangu kasema nisiache hata mswaki."

"Na mama naye tumuuze mnadani?" nikamuuliza.

"Bi Verna, usianze."

"Sijaanza. Nikianza utajua."

Glenys hakubishana. Kitanda tulikibeba mimi na yeye hadi kwa muuza mitumba, naye akalia njia nzima. Brock akarudi kazini akiwa hana kwao, kama alivyotaka.

Wiki ileile nilikuwa nakunywa chai kwa Glenys asubuhi, jua limewaka, nikasikia springi za kitanda zikilia nyuma ya ukuta, chumbani kwa Brock.

"Anajigeuza tu," Glenys akasema. "Zamu ya usiku inamchosha."

Niliinuka nikafungua mlango wa kile chumba. Sakafu tupu, dirisha limefungwa.

Jumamosi pasti ya B ililiwa, ikabaki pembe. Nikadhani Glenys anajidanganya mwenyewe, masikini. Kisha nikaziangalia zile alama za meno. Katikati palikuwa na pengo, na Brock ndiye aliyeng'oka jino la mbele akicheza mpira. Glenys ana meno ya bandia, yamejaa yote.

Toka hapo akanawiri. Akaacha hata kumpigia Brock simu.

"Nimpigie ya nini," aliniambia, "na yupo?"

Mwaka huu mkataba wa Brock uliisha. Alirudi Jumamosi mchana na mabegi yake yote, nikamwona kutoka uani kwangu akigonga mlango. Glenys aliufungua kidogo tu, mnyororo ukiwa bado umefungwa.

"Mama, nimerudi. Safari hii siondoki tena."

"Karibu, kijana. Unamtafuta nani?"

"Mama! Si mimi, Brock?"

"Brock yuko mezani, anakula."

Nilivuka ua mbio. "Glenys, acha mchezo! Huyu ndiye mwanao!"

Alimtazama kwa huruma, vile tunavyomtazama mpita njia aliyenyeshewa.

"Masikini," akasema. "Hana kwao?"

Huko jikoni kiti kikavutwa nyuma, mtu akakohoa kikohozi cha vumbi la mgodini. Brock alinigeukia, akanishika mkono kama mtoto. Kikohozi kile nilikijua: ni chake.

Glenys akaenda ndani, akarudi, akapenyeza mkono kwenye ufa wa mlango. Alimpa kilichobaki sahanini: pembe ya pasti, ina herufi B, bado ya moto.