Ukungu wa Shangazi Kiden

Ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba, saa kumi na dakika ishirini jioni. Mwanangu, nakumbuka saa kwa sababu simu ilikuwa mikononi mwangu. Sijui utazaliwa lini. Mimi nina miaka kumi na saba na hata kuitikia salamu za wageni naona haya. Lakini hili nakuandikia mapema, kabla sijajifunza kulipamba.

Nyanya yako mkubwa, mama yake baba yangu, alikuwa amefariki, na kesho yake tungemaliza msiba hapa kwetu Juba, mtaa wa Juba Na Bari. Siku hiyo nguo za marehemu hugawiwa, na kwetu anayezigawa ni binti yake mkubwa. Huyo ni Shangazi Kiden, na Shangazi anafanya usafi katika zahanati ya kijiji kimoja kaskazini kabisa mwa Kanada. Barabara haifiki huko, ni ndege tu.

Kwa miaka minne alinitumia ujumbe wa sauti, mimi peke yangu, kwa Kiswahili chetu cha Eldoret, tulikoishi wakati wa vita. Ndiye aliyeniambia kwamba huko majira ya joto jua halizami, anaziba dirisha kwa blanketi apate usingizi. Kwamba mbu wao wanauma kuliko wa hapa mtoni Rejaf, na wanyama kama paa wakubwa, wenye pembe kama matawi makavu, hupita nyuma ya nyumba siku nzima bila kwisha.

Jioni ile nilifungua ujumbe wake watu wote wasikie, nao ulisema hivi: "Ndege imekuja mara mbili ikarudi, ukungu umefunika kila kitu. Sasa dubu mweupe anazunguka uwanjani, tumeambiwa tusitoke. Nisubirini siku nne. Nguo za mama msiziguse, tafadhali."

Jirani yetu Mama Poni alicheka mpaka akashika kiuno. "Dubu! Kesho atasema huyo dubu amekalia tiketi yake!"

Baba Mkubwa Lado hakucheka. Alinigeukia mbele ya wazee wote. "Wewe ndiye msomi wetu. Huko sasa ni majira gani?"

"Ya joto, Baba Mkubwa. Jua halizami."

"Na ukungu?"

Mwanangu, viti vyote vya wanaume vilinyamaza vikinisubiri mimi, mimi ambaye hakuna mtu huniuliza kitu. Nikasema, "Jua likiwaka usiku na mchana, ukungu utoke wapi?"

Neno halijatoka lote mdomoni, nikakumbuka. Mwaka jana Shangazi aliniambia kwamba barafu ya bahari ikianza kuyeyuka, ukungu hupanda ukakaa hata siku tatu, hata wiki. Nilikumbuka vizuri kabisa. Nikatazama chini, nikanyamaza, kwa sababu Baba Mkubwa alikuwa ameshatikisa kichwa na kusema, "Basi, mtoto amejibu. Kiden hataki kuja tu."

Jumapili nguo ziligawiwa. Mimi nilipewa lawa, shuka ya rangi ya chungwa, ile Nyanya alikuwa akijifunga begani kwenda kanisani. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Shangazi alifika Alhamisi, uso umemvimba kwa kuumwa na mbu. Hakuketi. Aliuliza sanduku la mama yake liko wapi, akalifungua, akalikuta tupu. Baba Mkubwa akasema kwa sauti ndogo kwamba mimi nilisema ukungu hauwezekani. Shangazi hakupiga kelele. Aliniangalia tu.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita, "nilidhani wewe ndiye unanisikilizaga."

Kesho yake asubuhi nilimpelekea ile lawa. Alijifunika nayo uso akavuta pumzi, kisha akaishusha polepole. Nilikuwa nimeshaifua. Ilinuka sabuni.

Nikatoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa wazee waliokuwa wakinywa chai, nikasema: "Nilikuwa najua kuhusu ukungu. Nilikumbuka nikiwa bado nasema, nikaficha." Baba Mkubwa aliweka kikombe chini. Kisha nikapita nyumba kwa nyumba mpaka mtaa wa Nyakuron, kwa kila aliyepewa nguo, nikirudia maneno hayohayo. Kwa Mama Poni nilianza kulia kabla ya kubisha hodi.

Mwanangu, siku watu wakikunyamazia ili wakusikie, angalia sana. Ukigundua umekosea wakati bado unasema, sema papo hapo, hata kama sauti inakatika. Aibu ya pale ingekuwa ya dakika moja. Yangu bado ninayo.

Mungu akupe watu wa kukueleza mambo ya mbali, na akupe masikio ya kuyashika. Akujalie ulimi unaoweza kurudi nyuma. Amina.