Wekundu Wawili Ambao Hawakuwa wa Asili

Majina ya watu sitaandika. Ninayakumbuka yote, hata ya waliokuja mara moja, lakini kwetu Wamaasai jina la aliyekufa halitajwi ovyo, na wengine hapa wamekufa. Kondoo nitawaeleza.

Nilipoolewa Kisaju, mama yangu alinipa kondoo jike mwekundu, mnene wa mkia. Wekundu wote wa boma langu walitoka tumboni mwake. Miaka ya tisini, mume wangu akiwa ameshafariki, mwanangu akaleta dume la dopa, kondoo wa kigeni, mwili mweupe, kichwa cheusi, kwa sababu wanunuzi wa Kitengela walitaka kondoo mkubwa. Mkubwa alikuwa kweli! Lakini mvua ikinyesha wiki mbili, watoto wake wanavimba chini ya taya, minyoo inawamaliza. Jua likikaza, hao ndio wa kwanza kulala wasiinuke. Wekundu wangu walitafuna majani makavu na kuendelea kutembea.

Lile dume nililifungia kipande cha ngozi tumboni, kama tunavyofanya, lisipande wekundu. Msimu mmoja kamba ikakatika malishoni. Nilijua limepanda wawili gani. Watoto wao walizaliwa wekundu kama mama zao, mikia tu ndiyo ilikuwa myembamba.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza, wakaja watafiti na gari na sanduku la barafu. Walitaka damu ya wekundu na ya weupe, wazilinganishe jeni zao zote, waone ni nini kinamfanya huyu astahimili minyoo na kiangazi na yule afe. Nilifurahi. Nikasema, leo mtu ameuliza swali la maana.

Ila hawakuniuliza mimi. Walimuuliza mwanangu.

"Hao wekundu wote tisa ni wa asili," akawaambia.

"Wawili si wa asili," nikasema. "Baba yao ni yule mweupe pale."

"Yeyo, wacha wasomi wafanye kazi. Mwekundu ni mwekundu," mwanangu akanijibu. Yeyo kwetu ni mama.

Mkubwa wao akacheka. "Mama, damu itasema yenyewe. Wewe tupatie chai."

Nilipika chai.

Na damu ikasema. Mwaka uliofuata yule mkubwa alirudi na karatasi, hakushuka hata kwa gari. Damu ya boma letu inachanganya, akasema. Wengine walioandikwa wa asili wametokea katikati, nusu huku nusu kule. Boma lote linaondolewa kwa utafiti. Wekundu wa asili hapa wameisha.

Wameisha! Wawili kati ya tisa, na yeye akatupa tisa wote.

"Umesikia, Yeyo?" mwanangu akaniambia. "Sasa tunafuga nini?"

Siku ya mnada wa Kajiado akawapakia wekundu wote. Nilishika mguu wa jike mmoja mzee, mjukuu wa kondoo wa mama yangu, aliyepita kila kiangazi.

"Achilia, watu wanatuangalia."

Nikaachilia. Mkono huu wangu sijausamehe.

Alibaki jike mmoja, binti ya yule mzee. Nilikuwa nimemweka kwa rafiki yangu ng'ambo ya barabara ya Namanga, maana sisi hatuweki mali yote boma moja.

Miezi ikapita, akaja msichana mwanafunzi, peke yake, kwa miguu.

"Takwenya, koko," akaniamkia, akiniita bibi.

"Iko," nikaitikia.

Alikuwa ameona kwa fomu ya zamani, pembeni, mtu ameandika: mama anasema wawili ni chotara. Akachuchumaa, akauliza. Nikamtajia kila kondoo, mama yake, dume lililompanda, msimu gani. Akalinganisha na karatasi zake.

"Koko, hao wawili ndio waliotokea katikati. Ni hao hao."

"Nilisema hapa hapa zizini. Wale watafiti walikuwa na masikio."

"Na yule mzee? Ningependa damu yake tena."

"Muulize mkubwa wako. Alishaliwa."

Nikampeleka kwa rafiki yangu. Msichana akatoa sindano na kichupa, akaandika namba.

"Hiyo namba ni nini?"

"Ni ya huyu, koko."

"Futa. Andika mama yake kwanza. Kisha mama ya mama yake, mpaka umfikie yule niliyepewa na mama yangu. Ndio umdunge."

Nilishika kichwa cha yule kondoo, na sikukigeuza ili msichana apate mshipa wa shingo mpaka alipomaliza kuandika.