Posho ya Kusikiliza

Mwanawetu alikuwa akisuka na kuuza mikeka Mocímboa da Praia, mji wa pwani kaskazini mwa Msumbiji. Mwaka huo alichaguliwa kuwa juíza eleita, raia anayekaa na hakimu kuamua kesi. Siku ya kwanza akaletwa mvuvi aliyeshtakiwa kuiba mashine ya boti.

Mashahidi walipomaliza, hakimu alimwita Mwanawetu chumba cha ndani. "Mama Mwanawetu, unaonaje?"

"Hakuna aliyemwona akiiba. Mimi sioni hatia."

Hakimu akakubali. Waliporudi, mvuvi akafunguliwa pingu.

Karani akampa Mwanawetu posho.

"Ya nini?"

"Ya kazi yako, mama. Umesikiliza, umeamua."

Aliipokea kwa mikono miwili. Nje, mama wa mvuvi alikuwa amemkumbatia mwanawe, hamwachii. Mwanawetu akasimama akiwatazama, machozi yakimtoka.