Makaa Yasiyo ya Mti

Baridi yangu ya kwanza Uingereza ilinifanya nizunguke chumbani kama ndama aliyefungwa. Vitabu vilikuwa wazi mezani, lakini mimi nilitaka mursik, maziwa yetu ya mgando yanayolazwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa. Nikaketi, nikasimama, nikaketi tena. Mwishowe nikachukua chupa tupu ya jamu, nikaisugua ndani kwa kaa nililolitoa pale pa kuotea moto, nikamimina maziwa na kuyaacha dirishani. Haikunijia akilini kwamba kule wanachoma makaa ya mawe, si ya mti.

Mama mwenye nyumba aliyagundua kabla hayajaiva. Alifungua kifuniko, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Maskini, nani amekuuzia uchafu huu?" Akayamwaga, akaniletea glasi ya maziwa mapya. Niliyanywa kwa hasira. Yalikuwa safi, na hayakuwa na ladha ya nyumbani kwa mtu yeyote.

Masomo yalipokwisha nilirudi nyumbani, mbele kidogo ya mji wa Litein. Mama yangu alitikisa kibuyu chake, akanimiminia kikombe mpaka juu. Miaka yote ile nilikuwa nimekingoja kikombe hicho. Nilikiinua, na kabla sijaonja, nikanusa.

Mama aliniona. Hakupaza sauti.

"Ng'ombe ndiye humnusa ndama, ajue kama ni wake," alisema. "Sasa wewe, ndama, unaninusa mimi?"