Nzisa na Tobias Muuza Samaki

Nzisa hakuwa mtu wa samaki. Alikuwa mpishi wa shule, mtu wa sufuria kubwa na mwiko mrefu, na tangi la kioo lilifika kwake kwa sababu mpangaji wa chini alihama akashindwa kulibeba pamoja na samaki wake. Alilichukua kwa ajili ya mumewe. Ndete alikuwa ameendesha lori miaka ishirini na sita kabla kiharusi hakijampiga na kumwachia mkono mmoja na neno moja tu, "hapo". Tangi lilipowekwa mbele ya kiti chake, tulimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitalini. Kila asubuhi aliwahesabu samaki kwa kidole cha kushoto. Walikuwa tisa.

Mimi Mirriam ni jirani yao, mlango kwa mlango, karibu na Jogoo Road. Mengi ya haya sikusimuliwa.

Mwaka juzi Nzisa aliongeza samaki wawili kutoka kwa Tobias, kijana aliyekuwa na duka dogo la samaki wa mapambo upande wa soko la Burma. Mmoja alikuwa na vidoa vyeupe kwenye mapezi, kama punje za chumvi. Nzisa aliuliza ni nini, akaambiwa ni urembo, aina ile huzaliwa hivyo. Siku ya nne samaki wote walikuwa na urembo huo na walijisugua kwenye mawe kama ng'ombe mwenye kupe. Kwa hofu Nzisa alimwaga maji yote, akaosha tangi na sponji ya filta inayochuja maji kwa sabuni, akajaza maji ya mfereji papo hapo, akawarudisha. Kufikia Jumapili hakuna aliyebaki hai.

Ndete alinyoosha kidole ukutani. "Hapo," akasema. Nzisa akakigeuza kiti kikatazama ukuta.

Jumatatu alienda kwa Tobias na kopo lenye wawili kati ya wale waliokufa. Duka lilikuwa na wateja. Tobias alilitazama kopo bila kulishika.

"Mathe, samaki wangu hawakuwa na shida," akasema. "Umewaua wewe na maji yako."

Wateja wakacheka. Jioni hiyo Nzisa aliniambia kwamba duka lile litafungwa na yeye atakuwepo akiona. Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayeagiza unga.

Kisha akaniomba simu yangu. Wiki nzima alitazama video za kufuga samaki, akiandika kwenye daftari la shule, na hapo ndipo alipoumia zaidi, maana aligundua kwamba Tobias alikuwa amesema nusu ya ukweli. Maji ya mfereji yana klorini, na klorini huua samaki. Huachwa wazi kwenye ndoo siku nzima au hutiwa kwanza dawa ya kuiondoa. Maji hayamwagwi yote, hubadilishwa robo kila wiki. Sponji huoshwa kwa maji ya tangi lenyewe, kwa sababu ndani yake huishi vijidudu vinavyosafisha uchafu wa samaki, na sabuni huviua. Lakini vidoa vile vyeupe vilikuwa ugonjwa, na ulitoka dukani. Samaki mgeni hukaa peke yake wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wenzake.

"Kosa langu nimeliona," akaniambia. "Sasa nataka naye aone lake."

Kuanzia hapo, kila Jumamosi alipotoka kununua nyama Burma, alipitia kwa Tobias na kusimama mbele ya matangi, kikapu mkononi. Hakugombana na mtu. Mteja akionyesha samaki anayemtaka, Nzisa aliinama akamtazama, akasema polepole kwamba huyo anahema juujuu, au yule amekunja mapezi, au wale wa chini wameanza kujisugua. Mteja aliweka pesa mfukoni na kuondoka. Tobias alimfukuza, naye akahamia nje, kando ya mlango. Mara moja Tobias alimfuata huko, karibu machozi yamtoke.

"Mathe, unaniharibia kazi."

"Mimi naangalia samaki tu," Nzisa akamjibu.

Ilichukua miezi mitano. Siku aliyokuta kufuli mlangoni, Nzisa alinunua kilo mbili za nyama na kunialika. Alikula kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Mimi nilimtazama Ndete, ambaye bado alikuwa amekaa akitazama ukuta, na lile tangi tupu nyuma yake. Nikauliza litajazwa lini. Nzisa aliacha kutafuna.

Baadaye akasikia Tobias amefungua tena duka, mtaa wa Njiru. Alipanda gari kwenda kummaliza.

Alikuta matangi masafi, maji yanang'aa. Alizunguka karibu saa nzima akitafuta doa moja, pezi moja lililokunjwa, na hakupata. Kwenye rafu ya juu kulikuwa na tangi lililotengwa.

"Hao siuzi," Tobias alisema. "Ni wageni. Mpaka wiki tatu ziishe."

"Nani alikufundisha?"

"Wewe. Kila Jumamosi."

Nzisa hakupenda kusikia hivyo. Alinunua wanne, akamwambia kwamba hajamsamehe. Tobias akasema anajua.

Nyumbani aliwaweka kwenye beseni peke yao, na pampu ndogo ya hewa, na neti ambayo haikuguswa na kitu kingine. Kila asubuhi aliwamulika kwa tochi kabla ya kwenda kazini. Nilimwona akiwakagua na nilijua anachokitafuta: alitaka augue hata mmoja. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Walinenepa.

Alipowahamishia kwenye tangi, alikigeuza kiti cha Ndete bila kuambiwa, akaenda jikoni na kufunga mlango. Alikaa huko muda mrefu. Nilipomfuata alikuwa akikata sukuma wiki kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Akifa mmoja tu," akasema, "Njiru si mbali."