Nguzo Zenye Kitambi

Nilicheka mahali ambapo hapafai kucheka. Tulikuwa wanafunzi tisa wa usanifu majengo, tumetoka Nairobi kwenda Athens kuangalia majengo ya kale, na asubuhi ya pili mwalimu akatupandisha kilimani penye hekalu la mawe meupe. Chini yetu mji ulitandaa hadi milimani, nyumba juu ya nyumba, zote rangi ya maziwa. Mwalimu akatuambia tuzitazame nguzo vizuri. "Zimenenepa kidogo katikati," akasema. "Wajenzi walifanya makusudi. Nguzo iliyonyooka kabisa, jicho huiona kama imebonyea." Wenzangu wakaandika. Mimi nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na machozi yale, rafiki yangu, hayakuwa ya kicheko peke yake. Nilikuwa nimekumbuka Voi.

Nilikulia Voi, kwenye kiwanja kidogo karibu na reli. Baba ni mtu wa Bungoma, na reli ndiyo iliyomleta huku. Wakati mmoja alitumwa Nairobi kikazi, akaona jumba la mawe lenye nguzo mbele, na tangu siku hiyo hatukupumzika. Kila jioni tukila ugali na mrenda, vumbi jekundu limetuingia mpaka kwenye nyusi, tulisikia habari za nguzo. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na paa la mabati, lakini yeye alitaka nguzo mbili za mviringo barazani, ili wajomba zangu wakija Krismasi wajue wamefika kwa mtu.

Aliyepewa kazi ni jirani yetu, fundi kutoka Chawia, aliyekuwa amepanga chumba kando yetu. Alikuwa ameshuka kutoka milimani kuja kutafuta jina mjini. Kila Jumatatu alirudi kutoka kwao na kimanga alichofungiwa na mkewe kwenye jani la mgomba, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, na hakula mpaka nimemega kwanza. Kazi ile ilikuwa na maana zaidi kwake kuliko kwetu. Mwenye duka mmoja wa Mraru alitaka nguzo sita mbele ya duka lake, na alikuwa amesema wazi kwamba ataziangalia zetu kwanza.

Fundi alipasua mapipa ya mafuta, akayanyoosha, akayakunja yakawa mviringo mrefu, akayafunga kwa waya chini, katikati na juu. Ndani akamwaga zege. Nilichota maji kwa ndoo kutwa nzima, na hadi leo nikisikia koleo likikwaruza kokoto najiona pale pale, miguu mitupu, simiti imenikauka vidoleni. Jua lilipoanza kuelekea Milima ya Taita, akaosha vyombo vyake akaenda kuoga. Nikabaki mimi na waya.

Lazima ujue kwamba wavulana wa kota za reli walikuwa na magari ya waya, na hawakunipa hata nishike usukani. Eti msichana. Nami si mtu wa kuambiwa eti msichana. Nikafungua waya wa katikati kwenye nguzo ya kwanza, kisha ya pili, maana gari lina ekseli mbili. Nikangoja kidogo. Mabati ya mapipa hayakusogea, nikaona hakuna kilichoharibika, nikaenda kuunda gari langu.

Kumbe zege mbichi ni nzito, ila haina haraka. Asubuhi nguzo zote mbili zilikuwa zimevimba tumboni na kuganda hivyo hivyo. Fundi alifika kabla baba hajarudi kutoka zamu. Akazizunguka polepole, akapapasa mahali pa waya. Akanitazama mimi, akatazama gari langu la waya mlangoni. Akaliokota, akalitia ndani kabisa ya mfuko wake wa vyombo. Hapo ndipo baba alipoingia.

"Wewe Fundi, hii ni nguzo ama ni mama mjamzito?"

"Ni mimi, mzee. Sikufunga vizuri."

Baba alifoka mpaka majirani wakatoka nje. Simiti ilikuwa imekwisha, kwa hiyo nguzo hazikubomolewa. Zilipakwa rangi nyeupe, na wajomba wakazicheka Krismasi nzima. Mtaa nao ukampa mtu wa watu jina, Fundi Kitambi. Mwenye duka wa Mraru alikuja, akasimama ng'ambo ya barabara, wala hakuvuka. Baada ya hapo hakuna aliyemwita Fundi kujenga hata choo, na kabla ya mvua za Machi alifunga mizigo akarudi Chawia kulima.

Siku aliyoondoka nilimfuata mpaka steji ya matatu nikilia, nikamwambia nitasema ukweli. Akachuchumaa mbele yangu. "Baba yako ana mkono mzito, nawe una mgongo mdogo," akasema. "Wewe soma. Utasema ukiwa mkubwa."

Nikawa mkubwa, nikanyamaza. Aibu ya mtoto hukua pamoja naye, na baba hakuchoka kusimulia kisa cha yule fundi wa milimani asiyejua kazi. Nilichagua kusomea majengo kwa sababu ya mtu huyo, na hata hilo sikumwambia yeyote.

Niliporudi kutoka Athens nikapanda treni hadi Voi. Baba alikwisha kustaafu, akarudi Bungoma, na kiwanja kikauzwa. Baraza haipo, nguzo hazipo, pamesimama ghorofa lenye vioo vya buluu, na wale majirani waliotoka nje siku ile kila mmoja ameshika njia yake. Nilisimama pale kwa muda. Kisha nikapanda pikipiki hadi Chawia.

Nilimkuta Fundi nje ya nyumba yake akichambua maharagwe, kofia ya sufu kichwani kwa ajili ya baridi. Mikono imezeeka, haiwezi tena kushika timazi ya kupimia ukuta. Nilimwonyesha picha kwenye simu. Akafuata tumbo la nguzo kwa kidole, juu hadi chini, nami nikamweleza alivyosema mwalimu.

"Makusudi?"

"Makusudi, Fundi."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikamshukuru, na sikujua niishie wapi. Huyu mtu alibeba kosa langu akiwa hana kingine cha kubeba, akanipa utoto bila fimbo na kazi ninayoipenda. Kushukuru peke yake hakukutosha. Nikampigia baba hapo hapo, nikamwambia kila kitu: waya, gari, mfuko wa vyombo. 

"Yuko hapo?" baba akauliza.

"Yuko."

"Mpe simu."

Baba hajawahi kujifunza kuongea taratibu kwenye simu. Nilimsikia nikiwa hatua tatu mbali. Alisema nisamehe, Fundi, akarudia tena, kwa sauti ile ile aliyofokea mbele ya majirani. "Hapana, mzee. Alikuwa mtoto," Fundi akawa anajibu. "Hapana." Kisha baba akauliza kitu, na Fundi akaitenga simu na sikio, akageukia mlango wa jikoni alikokuwa mkewe.

"Mama, hebu njoo usikie," akaita. "Anataka kukuambia wewe mwenyewe kwamba nilifunga vizuri."