Watu wa Siri Walipobisha Hodi Ilomba

Harufu ya sweta lililolowa mvua, likikaushwa jirani na jiko la mkaa, hunirudisha sebuleni kwetu Ilomba, Mbeya. Nilikuwa darasa la nne, nimejikunyata mkekani nikitazama tamthilia ya nchi za mbali iliyotiwa sauti za Kiswahili. Ilihusu chama cha siri ambacho watu wake walikuwa wamejipenyeza serikalini: jaji, mkuu wa polisi, hata mpishi wa ikulu. Hawakubeba silaha. Walivaa vizuri, wakaongea kwa upole, na kila waliyemtembelea alikubali. Msinicheke; niliamini hakuna binadamu awezaye kuwakatalia.

Jioni moja, tamthilia ikiendelea, bosi wa mama alibisha hodi. Mtaa mzima ulikuwa tope, lakini viatu vyake viling'aa. Baba alikuwa ameshafariki, na tulikula kwa kazi ya mama ya kupitisha hati za viwanja katika ofisi ya serikali.

"Mama Tusa," alisema taratibu, "ule uwanja wa shule kuna mkubwa anauhitaji. Wenzako wote wameshakubali. Umebaki wewe tu."

Ilikuwa sauti ileile ya kwenye televisheni.

Mama alipiga goti, kama desturi yetu Wanyakyusa, akampa kikombe cha chai kwa mikono miwili. Akiwa bado amepiga goti akasema, "Bosi, samahani. Ule ni wa watoto. Mimi sipitishi."

"Fikiria familia yako."

"Ndiyo ninayoifikiria. Karibu chai."

Hakuinywa. Alipoondoka, mama aliketi kando yangu akauliza nini kimetokea kwenye tamthilia. Nilikuwa namtazama yeye, mwanamke wa kitenge kilichopauka, aliyefanya jambo ambalo hakuna yeyote kwenye tamthilia aliyeliweza: kukataa.

Muda si mrefu tulihamia Iringa. Mama alisema amehamishwa kikazi, nami nikawaringia wenzangu kwamba serikali imempandisha cheo. Tulipanga chumba kimoja, upepo wa kilimani ukipenya dirishani, na kazini akawekwa mapokezi. Hakulalamika. "Baridi ya huku nzuri," alikuwa akisema, "mtu unalala."

Nilishaanza kazi yangu mwenyewe nilipoelewa kuwa ile ilikuwa adhabu, na kwamba uwanja ulichukuliwa vilevile. Aliyekalia kiti cha mama alikubali. Nilimuuliza mama kama alijua itakuwa hivyo.

"Nilijua, mwanangu," akasema. "Ila sikutaka uwanja ule upite kwenye mkono wangu."